Hodi ya Bi Zawena

Sindano ilikuwa tayari mezani, na daktari wa mifugo alikuwa akinawa mikono. Chiponda, mtunzaji wa mbwa waliotupwa, alimshika Tosha shingoni. Mbwa mzee asiye na mwenyewe, na leo ndiyo zamu yake ya kudungwa sindano ya kifo.

Mgeni pekee aliyekuja kutafuta mbwa wa kufuga, Bi Zawena, alitikisa kichwa. "Baba, naishi peke yangu. Nataka mbwa wa kubweka. Huyu nimeingia mpaka ndani, kaniangalia tu kama mkwe."

"Uliingiaje, bibi?"

"Kama watu. Nimepiga hodi, ukanikaribisha."

Chiponda akamgeukia Tosha. Yeye mwenyewe hajawahi kumsikia Tosha akibweka, ila hapa kila mtu hupiga hodi. "Huyu kalelewa kwa watu, bibi. Labda mwenye hodi hambwekei. Toka, urudi kimya kimya."

"Niingie kwa mtu bila hodi? Na uzee huu?"

"Mara moja tu. Nakuomba."

Bi Zawena aliitazama sindano. Akavua kandambili, akazishika mkononi, akatoka.

Mlango ukafungwa nyuma yake. Daktari akafuta mikono. Kisha komeo la mlango likaanza kuinuka taratibu, na sikio moja la Tosha, lile lililochanika, likasimama.