Pia ya Buluu

Mtafiti aliingia wodi ya watoto mkono mfukoni, ameishika pia ya buluu, na hakuwa ameiachia tangu nyumbani.

Ilikuwa ya binti yake. Aliiazima asubuhi moja kwa ahadi ya kuirudisha jioni, awaonyeshe wenzake kazini jinsi mhimili wa dunia unavyoyumba polepole, mithili ya pia iliyochoka. Kazi yake ilikuwa kuukokotoa myumbo huo kwa mamilioni ya miaka, akiongeza kile kijisehemu kinachotokana na nadharia ya uhusianifu. Kijisehemu kweli. Mkewe alizoea kumtania kwamba dunia yenyewe haina habari naye.

Jioni ikawa kesho, kesho ikawa keshokutwa. Mara mtoto akaugua ghafla, akalazwa. Hesabu nazo zilikuwa ukingoni, mtafiti akajisemea anamaliza mara moja anakwenda. Mara moja gani hiyo, jamani? Alipiga simu wodini, muuguzi akapokea, akamwomba amfikishie mtoto salamu. Punde mkewe naye akampigia: mtoto kasema "pia", anataka pia yake, ilete upesi.

Alikimbia nayo. Alikuta wameshamfunika shuka.

Mkewe hakumgombeza, heri angemgombeza. Alisema mara moja tu, "Kitu kimoja alichokuomba, hukumpa," akafungasha, akarudi kwao. Mtafiti anajua mhimili utakuwa umeelekea wapi sote tutakapokuwa tumesahaulika, lakini hajui amwambie nini mama wa mtoto wake. Majuto ni mjukuu, wanasema. Kwake yeye, huyo ndiye mjukuu pekee atakayempata.

Na sasa, siku hii aliyorudi wodini, muuguzi alikuwa yule yule aliyepokea simu. Mtafiti aliiweka pia mezani kwake, akaomba wapewe watoto waichezee.

"Ndilo neno lake la mwisho," alisema. "Aliiomba, nikachelewa."

Muuguzi aliitazama ile pia, kisha akaichukua na kuirudisha taratibu kiganjani mwa mtafiti.

"Baba, mimi ndiye niliyekuwa naye. Mama yake alikuwa ametoka kufuata maji. Nikamwambia, baba yako amepiga simu, anasema anakupenda sana. Akaanza, 'Mimi...', pumzi ikamkwama kidogo. Mama yake alipofungua mlango, ndipo akamalizia: '...pia.'"