Msamaha wa Hadharani

Kwa mara ya tatu afisa uhusiano alimwomba mzee mfugaji arudie.

"Naomba radhi, mama. Ng'ombe wangu waliingia shambani kwako," mzee akasema, macho chini.

"Taratibu kidogo, mzee. Kama unaongea na dada yako."

Walikuwa stoo ya ukumbi wa kijiji, katikati ya mabango ya kampeni ya chanjo. Ukumbini, wakulima walikaa upande wa dirisha, wafugaji upande wa mlango. Viti vya katikati havikupata mtu.

Wiki mbili nzima afisa alikuwa akizunguka kwa pikipiki kutuliza pande zote. Tayari mtu mmoja alikuwa amekatwa panga mkononi. Leo wasipopatana, mzee na jamaa zake wangefukuzwa bondeni.

Mzee aliuliza kama hakuna njia nyingine kweli. Afisa akajibu kwamba watu wakipata mtu wa kumsamehe, hasira hushuka. Ndiyo kazi aliyoisomea. Alisema hayo akiangalia ukuta.

Mbele ya maikrofoni ya redio, mzee aliyasema yote kama alivyofundishwa. Mkulima mmoja akanong'ona kwamba ng'ombe wenyewe wana adabu, walibakiza mabua. Wachache wakacheka.

Mjane mwenye shamba akasimama. Alisema mahindi yale yalikuwa chakula cha wanawe wanne mpaka msimu ujao, na sasa wanakula kwa majirani. Kisha akasita.

"Ila alama za masikioni za wale ng'ombe, mimi sikuwahi kuziona kwa..."

Afisa akaidaka maikrofoni. "Mama yangu, leo hatutafuti alama. Tunatafuta amani."

Ukumbi ukapiga makofi. Mjane akamgeukia mzee, akampa mkono.

"Nimekusamehe, kaka. Kujishusha mbele za watu si mchezo."

Watu wakaanza kuvikalia viti vya katikati. Afisa alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma, na hakuthubutu kuinua uso.

Nje, wengine wakipiga picha za pamoja, mzee alimfuata afisa penye pikipiki. Akampa pole ya kazi, akaangalia kama kuna mtu karibu.

"Wale ng'ombe wako sita nimeshawatenga na wa kwetu, mwanangu," akasema kwa upole. "Watafutie mchungaji mwingine. Mimi uso wa kuwaombea radhi tena sina."