Divai ya Kumnyamazisha Wifi

“Wewe! Wewe ndiye uliyeniuzia siki mwaka jana!”

Jamaa aliyekuwa nyuma ya kaunta aliinua kichwa kutoka kwenye droo ya pesa. Mlangoni alisimama mwanamke aliyetanguliwa na manukato yake, miwani ya jua ameipandisha kichwani kama taji. Tumwite Mama Miwani. Mwenyewe hakujitambulisha, watu wa aina yake huamini dunia nzima imeshapashwa habari.

“Samahani, mama. Tunafunga.”

“Mnafunga wapi na mlango uko wazi? Krismasi keshokutwa. Nataka divai nyekundu, ya mezani na ya zawadi. Iwe nzuri, na isinikamue. Na safari hii usiniletee ujinga.”

Jamaa alitazama mtaani. Alikuwa na haja moja tu duniani: mwanamke huyu aondoke ameridhika, asije akampigia simu mwenye duka. Hilo likitokea, amekwisha.

“Mezani kutakuwa na nini, mama?”

“Mguu wa kondoo wa kuoka. Na wifi yangu.”

“Wifi naye anaokwa?”

Lilimtoka tu. Bahati yake, Mama Miwani hakuwa na desturi ya kuwasikia wauzaji, wala ya kuwatazama usoni. Macho aliyapeleka kwenye chupa zilizopangwa juu ya kichwa cha jamaa, kama mtu anayegombana na ukuta.

“Mwaka jana wifi alionja divai yako akaitema kwenye kitambaa, mbele ya mama mkwe. Mbele ya mama mkwe! Mwaka huu nataka anywe mpaka aombe nyingine. Akitema tena, ile nyumba sikanyagi.”

Jamaa akashusha chupa ya kwanza. Akaitazama lebo, lebo ikamtazama, hakuna aliyemfahamu mwenzake.

“Hii ina… uzito,” alisema.

“Uzito! Nanunua divai au saruji?”

Akashusha nyingine. “Hii ni laini.”

“Hata sabuni ni laini.”

Ya tatu hakupewa nafasi ya kufungua mdomo. “Rudisha. Hiyo ukanawie miguu.” Kisha Mama Miwani akauliza kama hakuna divai ya shamba lisilo na jina kubwa, maana alisikia mahali kwamba huko ndiko bei nafuu zilikojificha. Jamaa akajibu kwamba zote, kwa kadiri anavyojua, zimetoka shambani.

Simu ikatoka mkobani.

“Nampigia mwenye duka. Sasa hivi. Aje aone ni gogo gani analilipa mshahara.”

“Mama, chonde! Usipige. Nisikilize kidogo tu.”

Jasho lilikuwa limeshaipata aproni aliyoivaa, iliyombana mpaka kamba zake zikashindwa kukutana mgongoni. Divai hakuijua. Watu, lakini, alishafundishwa na dunia, tena kwa makofi.

“Hiyo chupa nene unayoikodolea macho, mama, unene wake ni kioo. Mtu huibeba akajiona amebeba mali, kumbe kabeba chupa. Ya mezani chukua hii nyembamba, ya kifuniko cha kuzungusha. Ifungulie jikoni, imimine kwenye jagi, watu waikute kwenye jagi. Wifi asipoona lebo wala bei, atakosa pa kuanzia.”

Kidole cha Mama Miwani kilisita juu ya simu.

“Tena usianze na wifi. Mmiminie mama mkwe kwanza. Akishasema tamu, wifi atatemea wapi?”

Mama Miwani alionekana akiitazama ile meza akilini, na wifi yake akimeza.

“Na zawadi?” aliuliza, sauti imeshuka ngazi moja. “Ni ya bosi wa mume wangu. Hajui tofauti ya divai na dawa ya kikohozi.”

“Huyo ndiye wa chupa nene. Hatainywa. Ataiweka kabatini awe anaonyesha wageni.”

“Hm! Leo umekula nini? Mwaka jana ulikuwa huwezi hata kunijibu.”

Akaichukua ile nene, na nyembamba kadhaa za kumzamisha wifi. Jamaa akatafuta mifuko. Alifungua kabati akakuta matambaa, akafungua lingine akakuta ndoo, akapiga magoti chini ya kaunta na kuibuka na utando wa buibui kwenye nyusi.

“Miaka yote hii hujui mifuko inakaa wapi! Ndiyo maana mnazeekea kwenye kaunta.”

Akatupa noti juu ya kaunta, ingawa mkono wa jamaa ulikuwa umenyooshwa kuzipokea. Akaamuru abebewe mzigo mpaka kwenye gari. “Polepole, hivyo si viazi!” Hakusema asante, hakusema kwaheri. Gari liliondoka, na jamaa akabaki kando ya barabara, ameinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyetoka kuchapwa.

Alirudi ndani, akafunga mlango kwa komeo, akavua aproni, akaingia stoo.

Katikati ya makasha, muuzaji wa duka alikuwa bado amekaa sakafuni vile vile alivyomfunga, mikono nyuma, soksi mdomoni. Jamaa alichuchumaa mbele yake, akaivuta ile soksi taratibu.

“Pole sana, ndugu yangu,” alisema. “Hivi hawa ndio wateja wako wa kila siku?”

Muuzaji alikohoa mpaka akapata pumzi.

“Huyo? Huyo leo kaamka vizuri.”