Uzi wa Bluu

Immakulata aliitambua pete ya dada yake kwa ule uzi. Ulikuwa uzi wa bluu uliofumuliwa kwenye sweta, umezungushwa kwenye pete ili isipwaye kwenye kidole chembamba.

"Hii ni dhahabu safi, bi harusi," alisema sonara wa Kasulu. "Kaniuzia mama mmoja wa kambini, kakimbia vita Burundi. Anasema ana mdogo wake hapahapa mjini, alimfungia mlango. Ndugu wa tumbo moja, jamani!"

Mchumba wake aliguna. "Watu wengine hawana utu."

Immakulata alivitazama vidole vyake. Ndivyo vilivyosukuma komeo siku ile. Wakwe walikuwa sebuleni wanakunywa chai, naye hakutaka wajue kwamba kwao ni ng'ambo ya mpaka. Dada alibisha mara tatu, akimwita kwa jina la utotoni.

Sonara aliukata uzi kwa wembe, akaupuliza ukaanguka sakafuni. Pete ikaingia bila kusumbua.

"Imekukaa kama ya kwako," alisema mchumba. "Tuichukue?"

"Tafuta na ya kwako," alijibu Immakulata, akiukanyaga uzi.