Punje Ndani ya Almasi

Muhanga, mchimbaji, alimpelekea Kipanga almasi yake aipangie daraja la usafi. Kipanga aliitazama kwa lenzi, akasema, "Ina punje nyeusi ndani, karibu na ukingo. Haifiki daraja la juu."

Muhanga aliondoka amenuna, hata hakuaga.

Baadaye Nguchiro akaiiba almasi hiyo, akaipeleka kwa Kipanga. "Almasi yangu hii, mzee."

"Ndani ikoje?"

"Safi kabisa! Haina hata doa!"

Kipanga akashika lenzi, akaiona punje ileile. Akamfukuza Nguchiro, akamwita Muhanga na kumrudishia almasi yake.

Muhanga alipiga magoti. "Ahsante sana, mzee wangu. Nami nilikununia!"

"Ishukuru punje," Kipanga akajibu.

Tangu hapo, mgeni akija, Muhanga humwonyesha punje kwanza, ndipo almasi.