Feni ya Mbita

Cephas aliinua prosesa ya kompyuta kwa ncha ya bisibisi, akainusa. Ilinuka plastiki iliyoungua.

Dereva aliyeileta kompyuta hiyo Migori kutoka Mbita alimwuliza kwa Kijaluo kama itapona.

"Otho," Cephas akamjibu. Imekufa.

Dereva akavua kofia kama mtu aliyeingia kwenye matanga, kisha akacheka peke yake na kwenda zake.

Faruk, mwenye duka, aliingia kutoka mbele akaitazama ile mashine bila kucheka. Alikuwa mtu wa Mombasa, na katika miezi minane ya kukaa Migori hakuwa amejifunza Kijaluo zaidi ya salamu.

"Nani aliweka feni kwenye Low?"

"Karani wao, bosi. Anasema ikiwa kwenye Full inanguruma, hasikii simu."

"Na wewe fundi hukumwambia? Low ni ya watu wa baridi. Mbita jua linachemsha samaki majini." Faruk akaweka mikono kiunoni. "Nimeshawapelekea nyingine. Ikiungua na hiyo, Cephas, tafuta kazi kwingine. Sitanii."

Cephas akaiweka prosesa mezani. Kazi hii alikuwa amejifunza akiwa na miaka arobaini na mmoja, katika masomo ya jioni, mabega yakiwa bado yanauma kwa magunia ya mchana. Na wiki hii hasa hakuweza kuipoteza. Linet, mtoto wake wa miaka saba, alikuwa amelazwa Mbita kwa malaria, na dawa zote zilitoka kwenye mshahara huu. Mkewe, Phelesia, alikuwa naye huko. Kila asubuhi, kabla hajafungua mashine yoyote, Cephas alifumba macho. "Bwana, mshike mtoto. Na unishikie kazi."

Akampigia simu Filister, karani wa ushirika wa wavuvi. Ofisi yake ilitazamana na zahanati alikolazwa Linet. Laini ilikuwa inachachatika kama omena kwenye mafuta.

"Dada, usiweke Low, na Full usiweke. Kuna ya tatu, inaitwa Auto. Hiyo inapima joto yenyewe. Joto likipanda feni inakimbia, likishuka inatulia, na wewe unasikia simu yako. Washa kompyuta, bonyeza Delete kabla haijaamka vizuri. Umeandika?"

"Naandika. Nitafanya kesho, leo niko kwenye mizani ya samaki." Kisha akasema, "Linet amelala. Homa imeshuka kidogo."

"Mungu ni mwema. Mwambie mama yake nitafika Ijumaa. Na ukishaweka, nipigie. Laini ikikataa, sema neno moja tu, auto. Nitaelewa."

Faruk alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

"Wasa kompyuta, wasa," akamwigiza. "Nyinyi watu wa ziwani, hiyo 'sh' mliitupa majini?"

"Ilizama, bosi," Cephas akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wote wawili wakacheka.

Siku iliyofuata, Jumatano, saa sita mchana, Cephas alitoka kwenda kununua risasi ya kulehemu. Aliporudi, Faruk alikuwa anaweka mkono wa simu chini, uso umechangamka.

"Yule mama wa Mbita. Ni auto."

"Amesema hivyo?"

"Laini mbovu, lakini hilo nimelisikia. Kalisema mara tatu. Nikamwambia, vizuri sana, acha hivyo hivyo, usiguse tena."

Cephas alikwenda nyuma, akapiga magoti kati ya maboksi na kushukuru. Hakuomba kitu kingine. Aliona aibu kuomba zaidi, wakati amejibiwa upesi hivyo.

Alhamisi alipiga simu Mbita mara mbili, asubuhi na mchana. Haikupokelewa. Akajiambia Filister yuko ufukweni na mizani yake, na kwamba mtu mwenye habari mbaya angepiga mwenyewe. Akarudi kwenye meza. Alitengeneza mashine sita kwa siku hizo mbili, na feni ya kila moja akaiweka Auto, akakaa akiisikiliza hadi ikatulia.

Ijumaa asubuhi alikuja na gauni la manjano, amelikunja ndani ya gazeti. Faruk akalipapasa.

"La Linet hili? Limpendeze, inshallah." Akamwongezea kilo mbili za sukari kutoka kabatini mwake. Wateja wa Mbita walikuwa hawajalalamika, na alikuwa na furaha. "Ukifika huko, bwana, mfundishe yule karani kuongea. Mimi wallahi nilitaka kucheka kwenye simu."

"Kwa nini, bosi?" Cephas alikuwa ameinama, anakaza skrubu ya mwisho.

"Kwanza ananiita Cephas. Mimi nikamwacha, kumsahihisha kwenye laini ile ni kazi bure. Halafu laini inamkata maneno, na hata auto yenyewe haiwezi." Faruk akatoa ncha ya ulimi kati ya meno, akaifanya sauti yake nyembamba. "'Net otho, Cephas. Net otho. Otho.'"

Bisibisi ilitoka mkononi mwa Cephas, ikabingirika hadi chini ya meza.

"Nami nikamwambia, vizuri sana," Faruk akaendelea huku akifunga mfuko wa sukari. "Mara nikasikia wanawake nyuma yake wanapiga vigelegele. Wallahi, sijapata kuona watu wanaoifurahia feni namna hiyo."