Nungunungu Aliyekataliwa Mgongoni

“Wewe mama, na miiba yako hiyo, utazeekea ukingo huu huu!” Ndivyo Kiboko alivyomwambia Nungunungu, neno kwa neno, wenzake wote wakisikia. Siku hizo Kiboko ndiye aliyevusha wanyama mtoni, mgongoni mwake.

“Baba, mwanangu ameshikwa na uchungu ng’ambo, na hana mkunga.”

“Basi apige kelele, utamsikia.”

Nungunungu hakulia. Alitafuna migomba minne mpaka ikaanguka, akaiburuta majini, lakini ikawa inaachana. Akang’oa miiba yake mwenyewe, mmoja mmoja, damu ikimtoka, akaipigilia kwenye ile migomba mpaka ikashikana, ikawa chelezo. Akavuka, akampokea mjukuu kwa mikono yake.

Aliporudi alimkuta Mbuzi na mtama wake, amechoka kulowa kila Kiboko akizama kujipoza. Akamvusha mkavu. Kesho yake akaja Kima na wengine.

Kiboko akanuna. “Unaninyang’anya abiria, mama!”

“Sikumwita mtu, baba. Wewe ulimfukuza mmoja, naye akajitafutia njia.”

Kisha akamgeukia Kima aliyekuwa anashuka. “Mwanangu, huko uendako uwaambie na wengine: aliyekataliwa kwa alivyoumbwa, aje, nitamvusha.”